Everline Akech Odero, Aliyebuni Kidona

Mchungaji, wazee wa kanisa, Mama yetu Dorka Apondi, shemeji yangu Sylvance, watoto wetu Jacklyne na Zakayo, majirani wa Baba Dogo na ninyi nyote mlioacha kazi zenu asubuhi hii ya Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, mkaja kumuaga dada yetu kabla hajaanza safari ya kwenda kuzikwa Siaya, mimi ni Seth Odero, kitinda mimba wa nyumba hii, nimesimama kuwasomea maisha yake kama yalivyokuwa, na nawaomba mtu yeyote asinikatize, hata nikifika mahali ambapo angependa nisifike.

Everline Akech Odero alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1983, hospitalini Pumwani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Zakayo Odero, fundi wa mabehewa katika shirika la reli, na Mama Dorka Apondi, akapewa jina la Akech, la mtoto wa wakati wa njaa, kwa sababu mwaka huo maghala ya nyumbani yalikuwa matupu, akalelewa katika nyumba za reli kule Makongeni, ambako sisi sote watano tulikua tukilala chumba kimoja, yeye upande wa ukutani kwa kuwa alikuwa na usingizi mwepesi na hakupenda kuguswa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1990 katika shule ya msingi ya karibu na nyumbani, na mwaka 1993, akiwa darasa la nne, aliugua koo, halafu magoti na vifundo vya miguu vikavimba, akalazwa wiki tano, na alipotoka daktari aliwaambia wazazi kwamba homa ile imegusa moyo wa mtoto, akue akiangaliwa. Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1997, akaenda shule ya wasichana Siaya kuanzia 1998 hadi 2001, huko akapenda fizikia kuliko masomo mengine yote, na ingawa alipita vizuri hakuendelea na chuo, kwa kuwa mwaka huo huo Baba alipunguzwa kazini.

Februari 2003 alianza kazi ya kuosha vichwa katika saluni ya Bi Salme Zahoro, pale Soko la Burma, mkabala na bucha, mahali ambapo mteja alioshwa kwa shampoo akatoka ananuka moshi wa nyama choma, na ni Bi Salme, ambaye Mungu amemweka hai na yuko hapa mbele yetu leo, aliyemfundisha kusuka matuta na rasta, na kumkemea siku ya kwanza kwa maneno ambayo dada alikuwa akiwarudia wasichana wake wote, "Mwanangu, hapo umepaka uzi wa rasta mafuta, mpake mtu ngozi ya kichwa." Machi 2010 alifungua saluni yake mwenyewe hapa Baba Dogo, kibanda cha mabati chenye viti vinne, na wengi wenu mnaonisikia mmekaa katika viti hivyo.

Alifunga ndoa na Sylvance Ouma, fundi wa kukereza vyuma, Jumamosi tarehe 16 Desemba 2006, wakajaliwa Jacklyne tarehe 3 Septemba 2008 na Zakayo tarehe 21 Mei 2012, na baada ya uzazi huo wa pili, uliomweka hospitalini hadi Juni, Daktari Kiilu, aliyemtibu moyo, alimkataza mambo matatu, kubeba mimba nyingine, kubeba mizigo na kupanda ngazi, nasi wa familia tulikuwa tukimtania kwamba hilo la tatu ni rahisi kwa mtu anayeishi na kufanya kazi chini.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wengi wanamjua kwalo. Mwaka 2018 Mama alianguka bafuni akaumia mabega yote mawili, tangu hapo mikono yake haipandi kupita kidevu, na kichwa chake kilikauka na kumwasha hadi akawa anajikuna kwa sindano ya kufumia, hivyo kila Jumapili baada ya ibada Akech alikwenda Makongeni kumpaka mafuta. Jumapili moja, tarehe 18 Agosti 2019, Mama alimwambia bila kulalamika, "Ningekuwa na kitu cha kushika mkononi nisingekuwa nakungoja Jumapili hadi Jumapili." Kesho yake, Jumatatu, dada aliomba chupa tupu ya sosi kwenye kibanda cha chipsi, akatoboa kifuniko kwa msumari matundu tisa, Jumapili iliyofuata akampelekea Mama, na mafuta yote yakamiminika shingoni hadi kwenye kola ya gauni la kanisani, Mama akasema, "Akech, unanikaanga," ikawa ndiyo mara ya kwanza tangu aanguke tumsikie akicheka.

Kwa miaka miwili aliishi na kitu hicho, akafunga mirija ya kalamu za biki kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi na kujijaribia mwenyewe kichwani, mpaka wateja wakaanza kumuuliza hayo madoa mekundu ni ya nini, akagundua kwamba ncha lazima iwe butu na iwe na kigololi kama kile cha kalamu, kikigusa ngozi kirudi ndani kitoe tone moja, kikiinuliwa kifunge, na akagundua kwamba meno, yaani ile mirija ya kutolea mafuta, yawe membamba ya kupita kati ya rasta mbili bila kuzivuta, na shingo ipinde, ili mtu asiyeweza kuinua mkono aweke kiwiko juu ya meza na bado afike utosini. Julai 2020 baridi iligandisha mafuta ya nazi ndani ya chupa, kila kitu kikaziba, akakaa mezani ameshika kichwa, ndipo Sylvance alipokichukua, akakipima unene wa ukuta wake kwa chombo chake cha kazini, akamwambia, "Punguza unene, mkono wa mtu utapasha mafuta," na ikawa hivyo. Jina lilitoka kwa Jacklyne, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, alimwangalia mama yake akipita nacho kichwani mwa mteja, tone hapa, tone pale, akasema, "Mum, inadona kama kuku," tukakiita Kidona. Tarehe 24 Julai 2021 Mama alijipaka kichwa chote kwa mkono wake mwenyewe, kiwiko mezani, na alipomaliza alikishika muda mrefu bila kukirudisha.

Mwaka 2022 Sylvance alitumia Jumamosi zake zote za miezi saba kuchonga kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki, na Machi 2023 karakana moja ya plastiki ikatutolea Vidona mia tatu vya kwanza, vyeupe, vya plastiki mpya isiyowahi kutumika, vikaisha kabla ya Pasaka, na mimi, niliyekuwa karani katika ofisi mjini, niliacha kazi nikawa msimamizi wa oda, dada akafurahi, akawaambia watu kwamba sasa analala kwa sababu ndugu yake yuko mlangoni.

Ndugu na marafiki, hapa ndipo nilipowaomba mtu asinikatize.

Novemba 2023 tulipata oda ya Vidona mia sita na arobaini, vilivyotakiwa tarehe mosi Desemba, kabla akina mama hawajasuka nywele za kwenda nyumbani Krismasi, lakini plastiki mpya ilikwama bandarini, na wiki hiyo dada alikuwa amelazwa kwa vipimo vya moyo. Mwenye karakana, Bwana Maingi, alinipigia simu akaniambia, "Nina plastiki ya kusagwa hapa, ya ndoo na kreti kuukuu, itatoka sawa tu, hakuna mtu atajua," na mimi nikajibu, "Piga kazi." Dada alipotoka hospitalini aliniuliza, "Plastiki ilifika?" nikamwambia ilifika, akaniuliza mbona vinaonekana vya kijivu, nikamwambia ni rangi tu, akaniangalia, kisha akaniamini.

Jumatano tarehe 10 Januari 2024, kama saa nne asubuhi, mama mmoja anayeitwa Nafula, mfanyakazi wa vibarua vya viwandani, mkazi wa Mukuru kwa Reuben, aliingia saluni akiwa amemshika mkono binti yake Nekesa, wa miaka saba, akamfungua kitambaa, na kila aliyekuwepo alisimama, kwa sababu upande mmoja wa kichwa cha mtoto ulikuwa umevimba kama ngumi, unatoa usaha, na mtoto alikuwa na homa kiasi kwamba hakulia. Nafula aliweka Kidona cha kijivu juu ya meza, meno matatu yamekatika, akasema, "Mama Jacky, si ni wewe ulisema hiki hakiumizi?" Dada alikichukua, akabana jino la nne kwa kidole gumba, likavunjika pale pale likaacha ukingo mkali kama kigae, akasema, "Hii si plastiki yangu," akavua aproni, akaacha mteja amesukwa nusu ya kichwa, akamchukua mtoto mgongoni, yeye aliyekatazwa kubeba, hadi barabarani, na kutoka hapo hadi hospitali.

Madaktari walisema mikwaruzo ile ilikuwa imeingiza uchafu chini ya ngozi, jipu lazima lipasuliwe saa hiyo hiyo, na kwamba ikiwa uchafu umevuka mfupa hawawezi kuahidi kitu. Wakati mtoto yuko ndani, dada alinipigia simu, na maneno yake ninayakumbuka yote kwa sababu hayakuwa mengi, alisema, "Seth, niambie ukweli kabla sijamuuliza Maingi," nikasema, "Ni mimi," akauliza, "Viko vingapi?" nikamwambia, akauliza, "Viko wapi?" na hapo nikagundua kwamba sijui, vingine vilikwisha kuuzwa tena na tena, Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi, Mukuru.

Kesho yake familia ilikutana, na sitaki mtu mwingine abebe lawama ya kikao kile, lakini ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka jambo hili litoke nje, tulisema tunyamaze, tutibu mtoto, tutengeneze vingine, Sylvance akasema, "Mke wangu, tukitangaza tumekwisha," na mimi niliyefanya kosa nilikuwa wa kwanza kumuunga mkono. Akech alituacha tumalize, kisha akasema, "Kuna mtoto mwingine anapakwa saa hii," akachukua mkoba wake, akaenda redio ya mtaani, akataja jina lake kamili, akataja saluni yake, akasema kila mwenye Kidona cha kijivu asikiguse tena, amletee.

Nekesa alilazwa siku kumi na moja, na katika siku tano za kwanza hatukujua kama atapona, dada alikaa naye mchana akishindana na Nafula nani atamshika mkono, kwa maana Nafula hakumtaka pale, alimwambia mbele ya wauguzi, "Toka hapa, umeshanifanyia ya kutosha," dada akatoka nje ya mlango, akakaa kwenye benchi la korido, akarudi siku iliyofuata. Siku ya sita homa ilishuka, mtoto akaomba uji, na hapo ndipo dada alipoanza kutembea kuvikusanya vile vya kijivu.

Alitembea kutoka katikati ya Januari hadi mwisho wa Aprili, mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango, na mimi nilikuwa nyuma yake na gunia, kwa sababu aliniambia, "Wewe utabeba, kubisha hodi ni mimi." Wengine walitupokea vizuri, wengine walitutukana, na kule Dandora mwenye duka mmoja, Bwana Wanyoike, alikuwa bado na arobaini rafuni, akakataa kuvitoa, akasema mzigo ni wake na atauza, basi dada akaomba kigoda kwa jirani, akakaa mbele ya duka lile kuanzia saa mbili asubuhi, kila mwanamke aliyeingia akamwambia kwa upole, "Dada, hicho cha kijivu nimekitengeneza mimi, na kimemkata mtoto," mpaka saa tisa, Bwana Wanyoike mwenyewe akaleta katoni, akaiweka miguuni pake, akamletea na soda.

Mnaijua mitaa yetu, mnajua majumba ya orofa sita yasiyo na lifti, na mnajua alichokatazwa. Pale Umoja, orofa ya nne, nilimwona amekaa chini kwenye ngazi, midomo imebadilika rangi, nikamwambia, "Akech, shuka, mimi nitapanda," akaniuliza, "Mtu akifungua akakuuliza ilikuwaje, utasema nini?" nikahamisha gunia bega la pili, akavuta pumzi, akashika reli, akasema, "Basi ndiyo sababu napanda," na akapanda. Ningeweza kusema ukweli mlangoni siku ile nikamwokolea orofa mbili, sikusema, na ninausema leo.

Vilirudi mia sita na kumi na moja, Sylvance akavivunja kwa nyundo nyuma ya saluni, vyote, dada ameketi anaangalia. Ishirini na tisa havijapatikana hadi leo, kwa hiyo kama kuna mtu yeyote hapa, au jirani yako, au shangazi yako, ana Kidona cha rangi ya kijivu, kiondoe nyumbani leo, ukilete saluni, hutaulizwa swali.

Agosti 2024 vilitoka vipya, vya plastiki safi, kila jino limejaribiwa kwa kidole gumba cha dada mwenyewe, naye akapeleka cha kwanza Mukuru kwa Nafula, Nafula akakikataa, na dada akarudi akatuambia Nafula ana haki. Nekesa anasoma, yuko darasa la tatu, lakini kuna mahali kichwani mwake, kama ukubwa wa ganda la kiberiti, ambapo nywele hazijaota.

Kuanzia Mei 2024 miguu ya dada ilianza kuvimba, akawa hawezi kulala bila mito mitatu mgongoni, mwaka huu alilazwa Februari, akalazwa Juni, akawekwa katika orodha ya kubadilishiwa valvu ya moyo mwezi Novemba huu unaokuja, na tarehe 29 Septemba akaingia wodini kwa mara ya mwisho. Daktari Kiilu alituambia valvu ilikuwa imeharibika tangu utotoni na ingefika hapo siku moja, hakusema kwamba zile ngazi hazikuongeza kitu, na mimi sikumuuliza. Shemeji yangu Sylvance, tangu mwaka jana hujanisalimia, sijakulaumu, na mbele ya watu hawa sikuombi chochote.

Jumapili tarehe 5 Oktoba, saa ya kuona wagonjwa, dada aliniita karibu akaniambia, "Historia yangu utasoma wewe," nikamwambia kaka yetu mkubwa ndiye anayefaa, akasema, "Wengine wataruka mahali pagumu." Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Sylvance ameshika mkono wake wa kulia na Mama ameketi upande wa kushoto, Everline Akech alivuta pumzi yake ya mwisho, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi na sisi ndugu zake wanne.

Familia inamshukuru Daktari Kiilu na wauguzi wote wa wodi waliomhudumia kwa miaka kumi na mitatu, inamshukuru Bi Salme Zahoro aliyempa kazi na ujuzi, inawashukuru wasichana wa saluni waliofungua mlango kila asubuhi yeye akiwa hospitalini, majirani wa Baba Dogo mliopika na kuchota maji tangu Jumanne ile, mafundi wenzake Sylvance waliotengeneza jeneza hili kwa mikono yao, wanakwaya, na waumini wote wa kanisa hili. Inamshukuru pia Nafula, ambaye nimemwona amesimama pale karibu na mlango pamoja na Nekesa, mama, sijui kama umekuja kusamehe au umekuja kuhakikisha kwamba kweli amekwenda, lolote lililokuleta ni halali yako, tafadhali watu wasogee, mpeni kiti yeye na mtoto.

Akech, binti ya Zakayo na Dorka, miezi ishirini na moja tulikuwa pamoja karibu kila siku na hukuniambia hata mara moja kama ulinisamehe, nami sikuthubutu kuuliza, basi nenda na jibu lako, dada yangu, upumzike kwa amani.